Barabara Hufuata Maji

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule yetu, Tabora)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia kunitaka nizungumze, alisema nichague jambo lolote ilimradi lisizidi nusu saa. Nimechagua safari. Sisi tuliosoma Tabora tuna haki kidogo ya kuzungumzia safari, kwa sababu mji huu ulikuzwa na misafara. Wapagazi waliotoka Bagamoyo walipumzika hapa kabla ya kuendelea Ujiji, na Reli ya Kati, iliyofika hapa mwaka 1912, ilifuata nyayo zao kwa sehemu kubwa.

Safari ninayotaka kuwasimulia, hata hivyo, ilikuwa mbali na hapa. Ilikuwa katikati ya nchi ya Australia, mwezi wa Agosti 2022, katika gari lililokokota kijumba cha magurudumu. Nimeileta mbele yenu kwa ajili ya jambo moja tu nililojifunza huko: kwamba barabara hufuata maji, na kwamba anayejua maji ndiye kiongozi wa msafara, hata kama jina lake halikuandikwa kwenye kibao chochote.

Kwanza niieleze nchi yenyewe. Australia ni kubwa kupita Tanzania mara 8, lakini watu wake hawafiki nusu yetu. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, sensa yao ya mwaka 2021 ilihesabu milioni 25.4 tu. Tena wengi wao wamejazana kandokando ya bahari. Ukiipa bahari kisogo na kuelekea ndani, nyumba hupungua, kisha miti hupungua, mwisho hubaki ardhi nyekundu, vichaka vifupi na anga. Mtu aweza kuendesha gari saa tatu asione moshi wa jiko.

Binti yangu na mumewe wanaishi mji wa Adelaide, kusini. Mkwe wangu ni mzaliwa wa huko, lakini amejifunza kusema "Shikamoo, Baba" na huisema kila asubuhi bila kukosa. Wao ndio walionialika. Wana karavani, yaani kile kijumba nilichokitaja: ndani mna vitanda, meza ya kukunja, jiko la gesi, sinki, na chini ya sakafu tangi la maji. Kinafungwa nyuma ya gari, kikafuata kama ndama afuatavyo mama yake. Kule watu wengi wakistaafu huzunguka nchi namna hiyo miezi mingi. Wenyewe huwaita kwa utani wahamaji wenye mvi. Binti yangu alinitazama kichwani akaniambia, "Baba, wewe umeshatimiza masharti."

Tuliondoka Adelaide, tukapita Port Augusta, kisha tukashika njia ya kaskazini kando ya milima ya Flinders. Kila tulipozidi kwenda ndivyo vituo vya mafuta vilivyozidi kuachana, na malori yalivyozidi kuwa marefu. Lori moja la huko huvuta matela matatu au manne na urefu wake huweza kufika mita 53. Likija mbele yako unasogea pembeni kwa adabu, hata kama wewe ni mzee.

Kufika kijiji cha Lyndhurst njia inagawanyika. Ya kulia huelekea mto uitwao Cooper Creek, karibu na Innamincka. Hatukuishika, lakini tulisimama hapo, na mkwe wangu akanisimulia habari ambayo kila mtoto wa shule wa Australia huifahamu.

Mwaka 1860 msafara mkubwa uliondoka Melbourne kuvuka bara zima mpaka bahari ya kaskazini. Viongozi wake walikuwa Robert O'Hara Burke na William John Wills. Walikuwa na ngamia, farasi, mabehewa na shehena ya kila aina, hata meza ya kulia chakula. Watu wanne walitangulia kutoka Cooper Creek wakafika karibu kabisa na bahari ya kaskazini. Katika kurudi mmoja alikufa njiani. Watatu waliobaki, Burke, Wills na John King, walifika kambini Cooper Creek jioni ya tarehe 21 Aprili 1861, wakakuta wenzao waliokuwa wakiwangoja kwa miezi minne wameondoka asubuhi ya siku ile ile.

Hapo, wanafunzi, sikilizeni vizuri. Mahali pale hapakuwa jangwa tupu. Palikuwa na mto wenye maji na samaki, na palikuwa na watu, Wayandruwandha, walioishi hapo vizazi na vizazi. Wageni wale walipoishiwa chakula waliwaona wenyeji wakila unga wa mmea uitwao nadu. Nao wakauokota, wakausaga, wakala, wakashiba, na huku wakizidi kudhoofika. Mmea ule una kitu kinachoharibu vitamini mwilini usipotayarishwa kwa taratibu zake, na taratibu zake zilikuwa zikijulikana na akina mama wa Kiyandruwandha. Sisi hapa tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa sana: muhogo mchungu ni chakula kwa anayejua kuuloweka na kuuanika, na ni sumu kwa anayeuokota shambani na kuutia chunguni. Wenyeji waliwaletea samaki, lakini Burke aliwatilia mashaka na kuwafukuza. Burke na Wills wakafa. King alikwenda kukaa na Wayandruwandha, wakamlisha na kumtunza, na waliokuja kumtafuta mwezi wa Septemba mwaka huo walimkuta hai. Sanamu kubwa iliyosimamishwa mjini Melbourne ni ya Burke na Wills. Wale waliomlisha King hawakusimamishiwa sanamu pale.

Tuliendelea hadi Marree, kijiji kidogo chenye vumbi, ambapo njia yetu hasa ilianzia. Nilipoambiwa kwamba hapo paliwahi kuwa na mmoja wa misikiti ya kwanza katika Australia, nilidhani nimesikia vibaya. Lakini ndivyo. Kuanzia mwaka 1860 ngamia waliletwa kwa meli kutoka Karachi pamoja na wachungaji wao. Wazungu waliwaita wote "Waafghani", ingawa wengi walitoka Punjab, Sindh na Balochistan. Kwa zaidi ya miaka 50 watu hao na ngamia wao ndio waliopeleka unga, mabati, vyuma na barua mahali ambapo farasi alikufa kwa kiu, na ndio walioshusha sufu kutoka kwenye ranchi.

Hapa nilikumbuka nyumbani. Burton na Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora hii hii, mwezi wa Novemba 1857, walilindwa na askari Mabulushi wa Sultani wa Zanzibar. Watu wa taifa hilo hilo, baadaye, walikuwa wakiongoza ngamia huko Marree. Bahari ya Hindi ni moja.

Malipo yao yalikuwaje? Marree iligawanywa na reli: upande mmoja Wazungu, upande wa pili Waafghani na wenyeji wa asili. Sheria ya uraia ya mwaka 1903 ilimnyima uraia mtu wa asili ya Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mchunga ngamia aliyepeleka unga wa taifa zima hakuweza kuwa raia wa taifa hilo; na mimi, laiti ningefika wakati huo, nisingeweza pia. Malori yalipokuja, ngamia wengi waliachiwa porini, na wajukuu wao wangali wanazurura huko kwa maelfu. Treni iendayo kaskazini imepewa jina The Ghan kwa kuwakumbuka wale watu. Jina limebaki kwenye treni.

Baada ya Marree lami iliisha. Mbele yetu ilikuwa njia ya udongo na changarawe iitwayo Oodnadatta Track, kilomita 620 hivi hadi Marla. Kutoka Marree hadi kituo kinachofuata chenye mafuta, William Creek, ni kilomita 200. Kutoka hapo hadi Oodnadatta ni 200 nyingine. Huko Oodnadatta tarehe 2 Januari 1960 kipimajoto kilifika nyuzi 50.7. Sisi tulikwenda wakati wa kipupwe chao, mchana kuna jua la kupendeza na usiku baridi ya kutafutia blanketi la pili.

Usiku wa kabla ya kuondoka Marree, mkwe wangu aliandika kwenye karatasi mambo manne akaibandika mlangoni mwa karavani. Nimeyanakili kwa ajili yenu. La kwanza, mwambie mtu unakokwenda na siku utakayofika, ukifika mwambie umefika. La pili, gari likiharibika usiliache. Ndege huona gari, haioni mtu. La tatu, punguza upepo wa matairi na mwendo, maana njia ina mikunjo kama bati, nayo hulegeza kila msumari. La nne, lita 10 za maji kwa kila mtu kwa kila siku, na yasikae yote katika chombo kimoja.

Hilo la nne nililiona kama wingi wa tahadhari. Karavani lilikuwa na tangi limejaa, na bado yeye alipakia madumu manne ya lita 20. Jioni ya siku ya kwanza, tuliposimama kulala, binti yangu alifungua bomba la sinki ili apike. Likatoa mlio, likatema matone matatu, likanyamaza. Tulipochungulia chini tukaona jiwe lililorushwa na tairi limekata mpira wa tangi. Maji yote yalikuwa yamemwagika njiani, nyuma yetu, katika mchanga ambao haukuacha hata alama ya unyevu.

Nawaambieni kweli, mtu huijua nchi ile pale bomba linaponyamaza. Kabla ya hapo ilikuwa mandhari ya kupiga picha. Baada ya hapo nilianza kuhesabu: watu watatu, lita 80, siku kadhaa. Wapagazi wetu wa zamani walikuwa na neno kutirikeza, yaani kuanza safari alasiri na kulala njiani pasipo maji, ili kesho yake wawahi kisima. Walifanya hivyo katika nyika ya Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na Unyanyembe. Neno hilo nililisoma kitabuni nikiwa kijana katika shule hii. Maana yake niliipata kando ya reli mfu ya Australia, nikiwa na mvi.

Naam, reli mfu. Sehemu kubwa ya njia ile huenda sambamba na reli ya zamani, na siku ya pili tulifika kwenye sababu yake. Kiasi cha kilomita 130 toka Marree, katika uwanda mkavu kama sahani, kuna vilima vidogo, na juu ya kilima, badala ya jiwe, kuna kidimbwi cha maji. Kimoja kinachemka mchanga katikati, kikivimba na kutulia, ingawa maji si ya moto. Pembeni mna majani mabichi. Ukigeuka nyuma hakuna jani.

Maji hayo hutoka katika bonde kubwa la maji lililo chini ya ardhi, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba milioni 1.7, karibu mara mbili ya Tanzania. Mvua huanguka mbali sana mashariki, huzama katika mwamba, husukumwa polepole, na mengine hukaa chini zaidi ya miaka milioni moja kabla ya kutokea hapo. Ile ni nchi ya Waarabana. Wao husimulia kwamba pale aliuawa nyoka mkubwa wa kale, na kuchemka kule ni kugaagaa kwake.

Chemchemi hizo zimejipanga kama shanga katika uzi kuzunguka ziwa la chumvi liitwalo Kati Thanda. Mtu wa miguu aliweza kutoka moja hadi nyingine bila kufa. Kwa njia hizo watu walisafiri mamia ya kilomita kwenda kuchukua udongo mwekundu wa milima ya Flinders, waliouhitaji katika ibada na biashara zao. Hiyo ndiyo barabara ya kwanza. Haikuwa na kibao; ilihifadhiwa katika nyimbo na masimulizi, kisima baada ya kisima.

Sasa tazameni jinsi wengine walivyofuata. Mpelelezi John McDouall Stuart alipita katika chemchemi hizo hizo, na baada ya kujaribu mara kadhaa akafika bahari ya kaskazini mwezi wa Julai 1862. Kwa kufuata njia yake ikajengwa laini ya simu ya maandishi kutoka Port Augusta hadi Darwin, kilomita kama 3,200, ikaunganishwa tarehe 22 Agosti 1872. Habari kutoka Uingereza, zilizochukua miezi kwa meli, zikawa zinafika kwa saa. Vituo vya laini hiyo viliwekwa kwenye maji. Kisha ikaja reli. Injini za mvuke hunywa maji kuliko ng'ombe, kwa hiyo nayo ikafuata chemchemi, ikafika Oodnadatta mwaka 1891 na Alice Springs mwaka 1929. Mafuriko yaliisumbua mno, hata mwaka 1980 ikafungwa na reli mpya ikajengwa mbali upande wa magharibi. Kando ya ile ya zamani imebaki barabara, na katika barabara hiyo tulikuwa sisi, na karavani letu lisilo na maji.

Mwenyeji, mpelelezi, simu, reli, gari. Wote walikunywa kisima kimoja. Lakini barabara kuu ya lami iendayo Darwin imepewa jina la Stuart.

Tulitengeneza mpira wa tangi kwa kipande cha bomba na bano, tukajaza maji tulipofika William Creek. Ni kijiji cha watu wachache kuliko darasa moja la shule hii: hoteli, kituo cha mafuta, na uwanja wa ndege ndogo. Tulikusudia kulala usiku mmoja. Usiku huo mvua ikanyesha.

Mtu aliyekuwa akihesabu lita anatazamiwa kufurahia mvua. Lakini udongo wa kule ukilowa unakuwa kama sabuni, na wenye mamlaka huweka kibao cha kufunga njia. Anayekaidi hutozwa faini kali. Magari kama kumi yalikwama hapo. Mkwe wangu likizo yake ilikuwa inakwisha. Asubuhi ya pili jua lilitoka, anga likawa safi kabisa, na watu wakaanza kunung'unika. Bwana mmoja mwenye gari lenye nguvu alisema barabara imekauka na kibao kimesahauliwa.

Pale hotelini alikuwapo mzee mmoja wa Kiarabana aliyekuja kutembelea jamaa zake. Aliponiona mweusi mwenye lafudhi ngeni alinikaribisha kwenye benchi lake, akaniita kaka. Nilimwuliza kama tungeweza kuondoka. Akanyoosha mkono magharibi, mahali ambapo mimi niliona anga tu. Akasema mvua kubwa ilinyesha kule usiku, na maji bado yako njiani. Mto ulio mbele utakuja kesho, anga likiwa hivi hivi jeupe. Yule bwana hakungoja. Alizunguka kibao akaondoka.

Kesho yake mchana mto ulikuja. Bwana yule alirejeshwa jioni na trekta ya ranchi, amelowa mpaka kifuani, mzima, ashukuriwe Mungu. Gari lake lilibaki mtoni siku mbili. Mkwe wangu hakusema neno. Alikwenda kuongeza tairi upepo ambao haukuhitajika, kwa namna ya mtu anayemshukuru mkewe kwa kukataa wasiondoke.

Tulikaa siku nne. Kwa siku hizo yule mzee alinitajia chemchemi, akizipanga kwa vidole vyake: hii tamu, hii ya chumvi, hii ilikuwa na maji babu yake akiwa hai na sasa imekufa. Nikauliza imekufaje. Akanieleza, na baadaye nimeyasoma na kuyathibitisha: tangu miaka ya 1880 wenye ranchi walichimba visima virefu kwa maelfu, maji yakaachwa yatiririke wazi mchana na usiku katika mifereji ya udongo, sehemu kubwa yakawa mvuke. Nguvu ya maji chini ya ardhi ikapungua. Chemchemi nyingine zikadhoofika, nyingine zikakoma. Tangu mwaka 1999 serikali zao zimesaidia kuziba visima hivyo na kuweka mabomba, na pengine nguvu imeanza kurudi. Na mwaka 2012 mahakama ilitambua haki ya Waarabana juu ya sehemu kubwa ya nchi yao. Mwaka huo huo ziwa lililoitwa Eyre likarudishiwa jina la Kati Thanda mbele ya lile la kigeni. Mzee alifurahia hayo. Lakini alisema mahakama inaweza kurudisha jina la ziwa kwa siku moja, ila haiwezi kurudisha chemchemi.

Kisha akaniuliza: "Na kwenu, nani anajua maji?"

Wanafunzi, hilo ndilo swali nililowaletea kutoka Australia. Sikuweza kulijibu kwa haraka pale kwenye benchi. Leo maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora kwa bomba, na ni neema kubwa. Mama zetu waliochota kwa kichwa wanajua ukubwa wa neema hiyo kuliko sisi. Lakini bomba linapokuja, kisima husahauliwa. Majani huota mdomoni mwake, mtoto hutupa jiwe humo kusikia kina, na yule bibi aliyejua kwamba hakikauki hata mwaka wa njaa hufa akiwa hajaulizwa. Bomba likinyamaza, kama lile la karavani letu, tutamuuliza nani?

Niliporudi nilikwenda kijijini kwetu kumwona dada yangu mkubwa, ambaye umri wake ni zaidi ya miaka 80. Nilichukua daftari. Nilimwomba anitajie maji yote aliyowahi kuchota tangu utoto. Alicheka kwanza, akauliza nimepotelewa na nini huko Ulaya, maana kwake nchi zote za mbali ni Ulaya. Halafu akaanza. Alitaja visima na vijito 11 kwa majina, akaeleza kila jina limetokana na nani, kipi hukauka mwezi gani, kipi kina maji ya kufulia tu, na kwenye kipi hupaswi kukata mti. Wajukuu waliokuwa wamekaa uani walijua viwili. Tulizunguka navyo kwa siku mbili. Saba bado vina maji. Kimoja kimejengewa choo pembeni, na baada ya dada yangu kueleza, wenye choo wamekubali kukihamisha.

Ndugu Mwenyekiti, natoa ombi, nalo halihitaji fedha ila daftari. Kila mwanafunzi wa shule hii akienda likizo mwezi wa Desemba, amkalishe mzee mmoja na kuandika maji yote anayoyajua: jina, mahali, ladha, mwezi wa kukauka, na aliyemsimulia. Jina la msimulizi lisiachwe. Daftari hizo ziwekwe katika maktaba yetu, na gazeti hili lichapishe baadhi kila mwaka. Mimi nimeshamkabidhi Mwalimu wa Jiografia daftari la dada yangu, lenye visima 11 na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza.